Oili ya Gari la Rafiki

Seremala alijua mbao. Ungemfumba macho ukampa kipande anuse, angekwambia ni mti gani, ulikatwa mbichi au mkavu, na kama aliyekuuzia alikuibia. Lakini oili si mbao, na asubuhi ile alikuwa amesimama mbele ya rafu za duka la spea, mikono nyuma, amekodolea macho makopo kwa muda mrefu hata dada muuzaji akamwonea huruma.

“Karibu, baba. Unatafuta nini?”

“Oili. Ya pikapu.” Akakohoa kidogo. “Si yangu lakini. Ya rafiki yangu.”

“Haya. Pikapu ya rafiki yako ina umri gani?”

“Ya makamo.”

“Makamo yangu au makamo yako?”

“Yangu,” akasema seremala, akinyoosha mgongo, “na mimi makabati bado nabeba mwenyewe.”

“Mashallah. Imeshakwenda kilomita ngapi?”

“Mita ilihesabu mpaka ikachoka, ikasimama. Tangu hapo tunakadiria.” Akashtuka. “Yaani yeye na mkewe, wanakadiria.”

Dada yule alikuwa na adabu, akaangalia pembeni ili acheke vizuri. Kisha akamwonyesha makopo moja moja. Hili jeupe ni la oili nyepesi, ya injini mpya. Inakwenda mbio, lakini kwenye gari la siku nyingi, sili, ile mipira ya kuzuia kuvuja, zikiwa zimekauka, itapenya na kudondoka. Hili jeusi ni la oili nzito kabisa. Ni ya injini iliyolika ndani, na asubuhi ya baridi inachelewa kupanda juu. Na hili la kijani ni la katikati, limetengenezwa kwa ajili ya magari yaliyokwenda sana, ndani yake mna dawa ya kulainisha sili.

Seremala alisikiliza kwa heshima zote na hakushika hata neno moja. Kichwani mwake oili ilikuwa ndugu yake gundi. Ubao ukiwa na ufa, unatia gundi nzito, ufa unaziba, mteja anakuja kuchukua meza yake. Akanyoosha mkono akachukua jeusi.

“Pikapu ya rafiki yako inakunywa oili sana?”

“Hainywi hata tone,” akajibu haraka. Kisha akaona jibu hilo haliendani na kopo alilokumbatia, akaanza kutafuta pesa mfukoni.

“Basi siku hizi marafiki wenye pikapu kuukuu wamejaa mjini,” dada akasema huku akimfungia. “Juzi alikuja mama mmoja, anamnunulia shoga yake. Jana binti, anamnunulia mwalimu mwenzake. Na wote wanatazama nyuma kama wewe.”

“Magari ya zamani ndiyo magari,” akasema seremala, akatoka zake, hana hili wala lile.

Hebu tumweleze mtu huyu, kwa sababu pikapu ile haikuwa ya rafiki yeyote. Ilikuwa yake tangu alipokuwa na nywele nyeusi. Rangi yake ya kwanza ilikuwa buluu. Sasa ilikuwa na rangi ya kila kopo lililowahi kubaki karakana. Mlango wa kushoto ulifunguka kwa ndani tu, wa kulia kwa nje tu, na yeye aliona huo ni ulinzi. Mkewe aliita pikapu ile “mwenzangu”, kama vile wanavyoitana wake wawili wa mume mmoja. “Nenda kamtazame mwenzangu, asije akanuna,” alikuwa akimwambia kila baada ya chai, naye kweli alikuwa akienda.

Ubaya ni kwamba seremala alikuwa amejisifu. Kwa miaka mingi, mbele ya kila mwenye masikio, hasa mbele ya shemeji yake, alisema: “Gari langu halinywi oili.” Shemeji huyo, mdogo wa mkewe, alikuwa na lori jipya linalong'aa mpaka vyuma vya chini, na alikuwa mtu wa kukumbuka maneno ya wenzake. Sasa, katika wiki ambazo pikapu ilihitajika kuliko wakati mwingine wowote, kijiti cha kupimia kilianza kuonyesha oili imepungua; akamimina iliyobaki karakana, na muda si mrefu pikapu ikaanza kutoa moshi wa buluu na kudondosha matone meusi uani. Mtu aliyekwisha kutangaza vile angeuweka wapi uso wake? Akaficha kopo chini ya kiti, ndani ya gunia la vumbi la mbao, na kila asubuhi, kabla nyumba haijaamka, akawa anaongeza kidogo.

Pikapu ilihitajika kwa sababu binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amepata kazi ya ualimu kwenye shule moja huko milimani, mbali. Jumamosi alitakiwa kuhama na kitanda, meza, kabati na rafu ya vitabu, vyote vya mkono wa baba yake. Mjomba mtu alikwisha kusema lori lipo. Lilikuwa jambo la maana, na kila mtu mwenye akili timamu angelikubali.

Seremala hakulitaka. Sababu yake hakumwambia mtu, lakini sisi tutaisema. Binti alipokuwa mdogo, alikuwa akimpeleka shule kwa pikapu ile kila asubuhi. Nyumbani, baba na mtoto walikuwa watu wa salamu, wa “umekula?” na “funguo ziko wapi?” basi. Ndani ya pikapu, wote wawili wakitazama mbele, maneno yalikuja yenyewe. Alimweleza baba yake mambo ambayo hakuwahi kumweleza mama, na baba naye alijikuta anajibu. Halafu binti akakua, akaenda chuo, akarudi mwanamke mwenye miwani na shughuli zake, na wakarudi kwenye salamu na funguo. Seremala alitaka safari hiyo moja, kwenda na kufika, kabla mtoto hajawa mgeni wa likizo. Aliitaka mpaka ikamkosesha hamu ya chakula.

Jumanne alipowasha gari, shemeji alikuwa anaingia getini. Moshi ukajaa uani. Nguo za jirani zilizokuwa kwenye kamba zikatoweka ndani ya moshi, zikarudi zimebadilika rangi.

“Salama, shemeji?” akauliza shemeji, akipepea kwa kofia. “Nilidhani nyumba inaungua, nimekuja mbio na ndoo. Kumbe unawasha gari.”

“Ni ubaridi wa asubuhi.”

“Ubaridi! Na hayo matone chini, ni machozi?”

“Hayo ni ya lori lako, ulipoegesha juzi.”

“Shemeji, lori langu lina miezi michache tu. Lingekuwa mtoto, lingekuwa halijaota meno.”

Mke wa seremala alitoka jikoni na mwiko mkononi. Yeye alipenda utani kuliko wote, lakini siku hiyo hakucheka. “Nisikilizeni. Ijumaa fundi Masikio atakuja kuliangalia gari hili. Akisema linafaa, mzee atampeleka mwanawe. Akisema halifai, mzigo na mtoto vinapanda lori la mjomba wake, na sitaki mjadala. Mwanangu halali njiani kwa ajili ya mwenzangu.”

Masikio alikuwa fundi magari wa mtaa, aliyeitwa hivyo kwa sababu alikuwa akiinamia injini na kuisikiliza kabla hajashika spana. Seremala alikuwa amemkwepa kwa makusudi. Masikio ndiye aliyehudumia lori la shemeji, na lolote ambalo angeliona chini ya boneti, shemeji angelipata kabla ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo siku zilizobaki seremala alijikaza. Kila alfajiri alifungua boneti taratibu lisilie, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Kijiti hicho kilikuwa fahari yake. Pete yake ya juu ilikuwa imekatika hivi karibuni, na badala ya kununua kipya, alikichongea mpini wa mti mgumu mwekundu, mviringo, akaupiga msasa mpaka ukateleza, akaupaka vanishi mara mbili. Hata gari la mfalme lisingekuwa na mpini kama ule. Na kila alfajiri kijiti kilimwambia neno lile lile: oili imeshuka chini ya alama. Anaongeza. Kesho yake imeshuka tena. Anaongeza tena. Na kadiri alivyoongeza, ndivyo moshi ulivyozidi, mpaka Alhamisi ulikuwa mzito kiasi kwamba paka wa karakana alihamia kwa jirani.

“Baba, gari linaendeleaje?” binti alimuuliza mchana wake, akiwa amesimama mlangoni mwa karakana.

“Kama saa.”

“Haya.” Alibaki pale kidogo, akashika ukingo wa kitanda chake kipya, akaonekana ana neno. Kisha akauliza kama amekula, baba akasema amekula, akaondoka.

Ijumaa Masikio akaja na sanduku lake la spana. Familia nzima ikajipanga uani kama inapigwa picha: mama, binti, na shemeji aliyekuja kwa sababu, alisema, alikuwa anapita tu. Seremala alisimama karibu na ubavu wa gari, mkono juu yake.

“Washa,” akasema Masikio.

Seremala akawasha. Uani kukawa na ukungu. Masikio akainama, akasikiliza muda mrefu, uso haujabadilika. “Zima.” Akangoja, akapangusa mikono, akatafuta kijiti, na alipouona mpini akatabasamu kwa mara ya kwanza.

“Kazi nzuri hii, mzee. Umeichonga lini?”

“Pete ilipokatika. Si zamani.”

“Na moshi ulianza lini?”

Seremala akautazama mpini.

Masikio akachomoa kijiti, akakigeuza juani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya: akauvua mpini kwa koleo, akakishika kijiti kitupu, akakizamisha mpaka kikafika mwisho kabisa, mahali pete ya zamani ilipokuwa ikikaa. Alipokitoa, oili ilikuwa imeipita alama ya juu na kuendelea kupanda, nyeusi, inang'aa.

“Mpini wako una shingo nene,” akasema taratibu. “Unakaa juu ya tundu, unakizuia kijiti kisizame. Kijiti kinaning'inia juu, kinasoma chini. Hii injini haina kiu, mzee. Inazama. Ikijazwa hivi inapiga povu, inaivuta oili na kuichoma, nyingine inaisukuma kwenye sili. Unayoongeza leo inaitapika njiani, kesho unaona imepungua, unaongeza tena.”

Seremala hakuwahi kukata ubao bila kuupima mara mbili, na mara nyingine alikwenda kumwita mteja aje aone anavyopima. Lakini shingo ya mpini wake hakuipima kabisa. Aliitazama tu ilivyo nzuri. Aliona aibu mpaka kwenye visigino.

“Lakini bado hesabu hainiingii,” Masikio akaendelea. “Hii ni nyingi mno. Ulikuwa unaongeza kiasi gani?”

“Kidogo tu. Asubuhi.”

“Halinywi hata tone,” shemeji akanong'ona kwa sauti ya kusikika mtaa mzima.

“Kidogo cha mtu mmoja hakifiki huku,” akasema Masikio. “Nani mwingine?”

Mama akaanza kukifunga kitambaa chake cha kichwa, ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Akakifungua, akakifunga tena. Mwisho akaingia jikoni, akarudi na kopo la kijani lililokuwa nyuma ya pipa la unga.

“Mchana, akilala kidogo baada ya kula,” akasema, akitazama ukuta. “Msinitazame hivyo. Nilimwonea huruma. Si gari, mwenye gari.”

“Wewe?” seremala akasema. “Wewe na mwenzako?”

“Kumbe nifanye nini? Uliacha kula! Na ningekwambia gari lako lina kiu, ungeninunia mwezi mzima.”

Shemeji alikwisha kukaa chini juu ya tairi la akiba, mikono tumboni. Lakini hayakuwa yamekwisha, maana binti alikuwa ameingia ndani bila kuitwa, akatoka na kopo jeupe lililozungushiwa sokisi, lililokuwa limejificha sandukuni kati ya viatu vyake.

“Na mimi,” akasema. “Jioni, baba akienda kufunga karakana.”

“Ukoo mzima!” shemeji akalia kwa kicheko. “Gari lisilonywa oili, limenyweshwa na ukoo mzima! Mbona mimi hamkunialika?”

Kila mtu alicheka, hata Masikio, hata mama. Seremala naye alianza kucheka, halafu akaona binti yake hacheki. Alikuwa amelishika kopo lake kwa mikono miwili, miwani imemshuka puani.

“Na wewe kwa nini?” baba akamuuliza. “Si ungekwenda zako na lori, ufike na nguo safi?”

“Sikutaka lori.” Sauti yake ilikuwa ndogo. “Samahani, mjomba. Nilitaka baba anipeleke. Nilitaka tukae mbele kama zamani. Nikaona moshi, nikaogopa Ijumaa itafika mkasema haliwezi.”

Seremala akapokea kopo jeupe kutoka mikononi mwake na kuanza kusoma maandishi yake kwa makini makubwa, ingawa miwani yake ya kusomea ilikuwa karakana. Shemeji aliacha kucheka. Akasimama, akajipangusa suruali, akasema lori lake hata hivyo Jumamosi lilikuwa na kazi nyingine, jambo ambalo halikuwa kweli na kila mmoja alimshukuru kwa kulisema.

Wakaimwaga oili yote. Ilitoka beseni zima na zaidi, nyepesi, nzito na ya katikati zikiwa zimeshikana kama wapigakura wa vyama vitatu. Halafu likaja swali lililotakiwa kuulizwa tangu mwanzo: tutie ipi?

“Nzito,” akasema seremala, kwa mazoea.

“Ya nini?” akauliza Masikio. “Injini hii haijalika. Nimeisikia, chini ya hilo povu inapumua vizuri. Nzito ungeitia kama ingekuwa inachoma oili kweli. Huko milimani asubuhi ni baridi, nzito itachelewa kufika juu, na vyuma vitasagana bure. Nyepesi nayo, kwa sili hizi za siku nyingi, itadondoka njia nzima. Gari limekwenda sana, linapanda mlima, limebeba kabati.” Akanyoosha kidole. “Tia ya mama.”

Mama alilisogeza kopo la kijani mbele kwa ncha ya mguu, akalifuta vumbi kwa kitambaa, akalisimamisha pale mume wake asingeweza kuacha kuliona.

“Nilimuuliza yule dada wa dukani,” akasema mwishowe, “halafu nikamsikiliza. Ndiyo siri yangu.”

Jumamosi asubuhi mzigo ulikuwa umefungwa kwa kamba, kitanda kimelazwa ubavu, kabati limevikwa blanketi. Seremala aligeuza ufunguo huku ameng'ata mdomo. Pikapu ikakohoa mara moja na kuitika. Wote wakatazama nyuma, kwenye ekzosi. Hapakuwa na kitu, ila hewa iliyotikisika kidogo.

“Mama, panda na wewe, tutabanana,” binti akasema.

“Sipandi. Nitakuja likizo yako ikikaribia, nikague kama unafagia.” Akamkumbatia kupitia dirishani, akamshika muda mrefu, akajifuta macho, kisha akapiga ubavu wa gari kofi moja la kirafiki. “Nenda, mwenzangu. Usiniaibishe.”

Wakaondoka. Mwanzoni walizungumza mambo ya barabara: tuta lile, ng'ombe wale, kituo cha mafuta kilichobadilishwa rangi. Kisha maneno yakaja, kama yalivyokuwa yakija. Binti alimweleza kwamba anawaogopa wanafunzi wakubwa, kwamba usiku uliopita hakulala. Baba alimweleza kwamba kabati lake la kwanza lilimwangukia mteja, na kwamba kesho yake alirudi kazini huku bado anaogopa. Binti akacheka mpaka akavua miwani. Injini ilikuwa tulivu, waliweza kusemezana bila kupaza sauti.

Milima ilipoanza kuonekana mbele, gari likapunguza mwendo. Likapunguza tena. Lori moja likawapita, kisha basi, kisha mzee mwenye baiskeli iliyobeba kuni akawapita naye, akiwageukia kwa mshangao. Binti akatazama dashibodi mbele ya dereva: taa zote za onyo zimezima, joto la injini liko mahali pake. Akachungulia nyuma. Hapakuwa na moshi.

“Baba, mbona tunakwenda polepole hivi? Gari lina nini?”

“Gari ni zima,” akasema seremala. Alikuwa anatazama mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. “Ni mimi ndiye sitaki kufika.”

Binti alisogea kwenye kiti, akaegemeza kichwa begani kwa baba yake, na baba akaendelea kuendesha kwa mwendo ule ule huku magari ya watu wenye haraka yakipiga honi nyuma yao.